Kivumishi "Ladino" cha Kihispania: Maana, Matumizi na Funzo Lake kwa Watunga Kamusi

1. Utangulizi

Ajifunzaye lugha ya kigeni kwa kawaida huviogopa vitenzi. Huhangaika na nyakati, nafsi na hali zake, akadhani ya kuwa akishavishinda hivyo kazi iliyosalia ni ndogo. Vivumishi humwonekea kuwa vyepesi: mtu hulichukua neno, hulitafutia mwenziwe katika lugha yake, akaliandika kando ya daftari, na shughuli ikawa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa wepesi huo ni wa udanganyifu, na kwamba gharama ya kudanganyika yaweza kuwa kubwa kuliko tunavyodhani darasani.

Tutakitazama kivumishi kimoja tu cha Kihispania, nacho ni "ladino". Sababu za kukichagua ni tatu. Kwanza, maana zake zimegeuka mara nyingi, wala maana mpya haikuifuta kabisa ile ya kale. Pili, kwa karne kadhaa kilitumiwa juu ya Waafrika waliokuwa mikononi mwa Wahispania, na kati ya mwaka 1839 na 1841 uhuru wa watu ulitegemea ufafanuzi wa neno hili mbele ya mahakama. Tatu, Kiswahili kina maneno yaliyopita njia ileile, na Kihispania nacho kina neno lililo ndugu wa damu wa mojawapo ya maneno hayo.

Hoja yetu yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kivumishi kinachowapima watu hakina maana ndani yake peke yake. Maana yake imo katika uhusiano wa mambo matatu: ni nani asemaye, ni nani asemwaye, na ni neno gani lililowekwa upande wa pili kuwa kinyume chake. Ayatazamaye hayo matatu hulijua neno. Asiyeyatazama hujua tafsiri tu.

2. Umbo la neno na sarufi yake

Kwa upande wa sarufi "ladino" ni kivumishi cha kawaida. Majina ya Kihispania yana jinsia mbili na idadi mbili. Kwa hiyo kivumishi hiki kina maumbo manne: "ladino" na "ladina" katika umoja, "ladinos" na "ladinas" katika wingi. Mwanafunzi aliyekulia katika lugha ya Kibantu hawezi kuushangaa upatanisho huu, maana ngeli za lugha yake zimekwisha kumzoeza sheria iliyo pana zaidi. Tofauti ni kwamba Kihispania huweka alama mwishoni mwa neno, ambapo Kiswahili huiweka mwanzoni.

Mahali pake ni baada ya jina: "un hombre ladino", mtu mjanja, "una mirada ladina", mtazamo wenye hila. Baadhi ya vivumishi vya Kihispania hubadili maana vikihamishwa: "un amigo viejo" ni rafiki aliyezeeka, bali "un viejo amigo" ni rafiki wa tangu zamani. "Ladino" si mwenye tabia hiyo.

Jambo lenye uzito zaidi ni kitenzi kinachokibeba kivumishi. Kihispania kina vitenzi viwili pale ambapo lugha nyingine zina kimoja: "ser", kielezacho alivyo mtu kwa asili au tabia yake, na "estar", kielezacho hali aliyo nayo. Kwa hiyo "es listo" maana yake ni mwerevu, lakini "está listo" maana yake yu tayari. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba "ni" na "yu" katika tafsiri hizo mbili zinajaribu kuigawa kazi ileile, ijapokuwa mipaka yake si sawasawa. Sasa, "ladino" huandamana na "ser". Mtu haambiwi kwamba leo ameamka akiwa "ladino" na kesho hatakuwa hivyo. Huambiwa kwamba ndivyo alivyo. Sarufi yenyewe, basi, imekwisha kutoa hukumu: sifa hii huhesabiwa kuwa ya mtu mwenyewe, si ya tukio. Tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa historia yatuonyesha kinyume chake. Mwanzoni neno hili halikueleza asili ya mtu hata kidogo. Lilieleza kitu alichojifunza.

3. Chimbuko: kutoka Kilatini hadi werevu

"Ladino" limetokana na neno la Kilatini "latinus", yaani "wa Kilatini". Mabadiliko ya sauti ni yale ya kawaida katika Kihispania: sauti "t" iliyo kati ya irabu mbili ikawa "d". Ndivyo "vita" (uhai) ilivyokuwa "vida", "rota" (gurudumu) ikawa "rueda", na "catena" (mnyororo) ikawa "cadena". Baadaye wasomi walilichukua neno lilelile mara ya pili kutoka vitabuni, na kwa kuwa lilipitia kalamu na si vinywa vya watu, likabaki na "t" yake: "latino". Lugha ikawa na maneno mawili ya asili moja, moja la watu na moja la wasomi.

Katika Uhispania ya zama za kati, ambapo Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi pamoja, "ladino" lilikuwa jambo la lugha. Mwislamu aliyekijua Kihispania aliitwa "moro ladino". Wayahudi nao, waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492, waliihifadhi lugha yao ya Kihispania katika nchi walizohamia, na jina "ladino" limeshikamana nayo hata leo, hasa ile iliyotumiwa kutafsiri maandiko matakatifu kutoka Kiebrania.

Mwaka 1611 Sebastián de Covarrubias alitoa kamusi yake kubwa ya lugha ya Kikastilia. Humo alieleza kwamba waliojua Kilatini walihesabiwa kuwa watu wenye busara, kwa hiyo neno likaenezwa kwa kila mtu aliye hodari katika jambo lolote. Na kwamba mgeni aliyejifunza vema lugha ya nchi aliitwa vivyo hivyo. Hapo tunaona daraja la kwanza la mageuzi ya maana: ajuaye lugha, kisha mwerevu. Daraja la pili, la kutoka mwerevu hadi mjanja mwenye hila, twaweza kulielewa vizuri zaidi tukilifuata neno hili ng'ambo ya bahari.

4. "Ladino" na "bozal"

Waafrika wengi walikuwako Uhispania na Ureno kabla ya safari za Marekani. Waliozaliwa au kukaa huko miaka mingi, wakaijua lugha na kubatizwa, waliitwa "negros ladinos". Aliyeletwa karibuni kutoka Afrika, asiyejua lugha ya bwana wake, aliitwa "bozal". Neno hili la pili ni la ukoo wa "bozo", lihusulo mdomo na malaika ya nywele yaliyo juu yake. Na katika Kihispania cha leo "bozal" pia ni kile kifungo avikwacho mbwa mdomoni asiume. Kwamba mtu mwenye lugha yake kamili aliitwa kwa jina kama hilo kwa sababu tu hakuijua lugha ya aliyemnunua ni jambo ambalo mwanaisimu hana budi kulitafakari.

Ujuzi wa lugha, hata hivyo, haukumfungulia mtu milango kila wakati. Mfano mashuhuri wa mlango uliofunguka ni Juan Latino, Mwafrika aliyekuwa mtumwa katika nyumba ya watawala wa Sessa, akajisomea hadi akawa mwalimu wa Kilatini mjini Granada. Mwaka 1573 kilichapishwa kitabu chake cha mashairi ya Kilatini, ambamo alivisifu vita vya Lepanto vya mwaka 1571. Jina lake ni lile neno letu, katika umbo lake la kisomi.

Kwa wengine mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1501 wafalme wa Uhispania walimruhusu Nicolás de Ovando, gavana wa kisiwa cha Hispaniola, kupeleka huko watumwa Weusi waliozaliwa katika mamlaka ya Wakristo. Mwaka 1503 Ovando mwenyewe aliomba wasipelekwe tena, kwa kuwa walikuwa wakitoroka na kujiunga na wenyeji. Mwaka 1526 ikatolewa amri kwamba "negros ladinos" wasivushwe kwenda Marekani pasipo ruhusa maalumu. Mtumwa aliyeijua lugha ya bwana wake alijua pia mipango yake, sheria zake na udhaifu wake. Aliweza kunong'ona, kushauri na kuongoza. Basi sifa ikageuka kuwa tuhuma. Anayekuelewa usipotaka akuelewe humwiti mwerevu, humwita mjanja. Maana ya leo ya "ladino", yaani mtu mwenye akili ya chini kwa chini, inabeba hofu hiyo ya bwana.

5. Neno moja mbele ya mahakama

Mwaka 1839 maana ya kivumishi hiki ilipata kupimwa mahakamani. Kwa mapatano ya mwaka 1817 baina ya Uhispania na Uingereza, biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika ilikuwa haramu katika nchi za Uhispania tangu mwaka 1820. Utumwa wenyewe, lakini, uliendelea Kuba. Kwa hiyo mbele ya sheria kulikuwa na Waafrika wa aina mbili: "ladinos", waliokuwako tangu kabla ya katazo, ambao kuuzwa kwao kulihesabiwa kuwa halali; na "bozales", walioletwa baadaye, ambao kwa sheria walikuwa watu huru waliotekwa. Kivumishi kilichokuwa kikieleza ujuzi wa lugha sasa kilikuwa kikieleza hadhi ya kisheria.

Mwezi Juni 1839 José Ruiz alinunua mjini Havana wanaume 49, na Pedro Montes watoto wanne. Wote walikuwa wametoka karibuni katika nchi ya Sierra Leone, na wengi wao walikuwa Wamende. Ili kuwasafirisha, wanunuzi walipewa hati zilizowaandika kwa majina ya Kihispania na kuwaita "ladinos". Wakapakiwa katika jahazi lililoitwa Amistad, neno lenye maana ya urafiki. Safarini, wakiongozwa na Sengbe Pieh, waliasi na kulitwaa jahazi. Mwezi Agosti walikamatwa na manowari ya Marekani karibu na kisiwa cha Long Island, wakafungwa katika jimbo la Connecticut. Ruiz na Montes wakadai mali yao, na ushahidi wao ulikuwa ile hati yenye neno "ladinos".

Hapo kazi ya lugha ilianza. Josiah Willard Gibbs, profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Yale, alijifunza kutoka kwa wafungwa kuhesabu moja hadi kumi kwa lugha yao, kisha akaenda kwenye bandari ya New York akizitamka hesabu hizo kwa sauti mpaka akapata mabaharia waliozitambua. Mmoja wao, James Covey, akawa mkalimani. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kusikia kwamba katika Kimende "sawa" ni tatu na "nani" ni nne. Na huo ni ukumbusho mwingine kwamba umbo la neno si maana yake.

Naye Richard Robert Madden, aliyekuwa afisa wa Uingereza mjini Havana, alitoa ushahidi akaeleza tofauti ya "ladino" na "bozal" kama ilivyojulikana Kuba, na kwamba hati zile zilikuwa za hila. Ushahidi mwingine ulikuwa wazi kwa kila mwenye masikio: watu hawa hawakujua Kihispania. Na watoto wale, kwa umri wao, hawakuwa wamezaliwa katazo lilipoanza mwaka 1820. Mmoja tu ndiye aliyekuwa "ladino" wa kweli, kijana Antonio, mtumwa wa nahodha aliyeuawa, aliyekisema Kihispania vizuri. Mwezi Januari 1840 Jaji Andrew Judson aliamua kwamba Wamende na wenzao walikuwa "bozales", nao ni watu huru. Antonio peke yake ndiye aliyeamriwa kurudishwa kwa warithi wa bwana wake.

Rufani ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na John Quincy Adams, aliyewahi kuwa rais, akawa miongoni mwa mawakili wa Waafrika. Adams aligundua jambo linalomhusu kila mfasiri. Katika hati zilizochapishwa mwaka 1840 kwa ajili ya Baraza la Wawakilishi, neno "ladinos" lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pakaandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya Weusi wazima, wasio na kilema. Kwa tafsiri hiyo uongo wa hati ulitoweka. Msomaji hakuweza tena kuuliza kama watu hawa walikuwa "ladinos" kweli, kwa kuwa nani angebisha kwamba ni wazima? Adams alilalamika, na kamati ya Baraza ikachunguza jambo hilo. Tarehe 9 Machi 1841 mahakama, kwa kalamu ya Jaji Joseph Story, iliamua kwamba watu hao walikuwa huru. Waliosalia hai, 35, waliondoka Marekani mwishoni mwa mwaka huo wakafika Sierra Leone mwezi Januari 1842.

6. Mstaarabu, mozárabe, mjinga

Hatuna haja ya kwenda Kuba ili kuyaona maneno ya namna hii. Kihispania kina jina "mozárabe", walioitwa kwalo Wakristo wa Andalusia walioishi chini ya utawala wa Kiislamu, wakaifuata lugha na desturi za Waarabu. Neno hilo limetoka katika Kiarabu "musta'rib", yaani aliyeiga Uarabu. Msomaji amekwisha kulitambua: hilo ndilo asili ya "mstaarabu" wetu. Neno moja la Kiarabu lilikwenda magharibi likawa jina la jamii ya watu. Likaja mashariki mwa Afrika likawa sifa ya adabu na maendeleo. Na kule Andalusia, "ladino" na "mozárabe" zilikuwa pande mbili za kioo kimoja: huyu amechukua lugha ya Kilatini, yule amechukua mwenendo wa Waarabu.

Kwa nini "mstaarabu" kwetu ni sifa njema, hali "ladino" imekuwa lawama? Kanuni yetu inajibu. "Mstaarabu" ni neno ambalo wenye kusifiwa walijiita wenyewe, na kinyume chake kilikuwa mtu mwingine, mshenzi wa bara. "Ladino" ni neno lililosemwa na bwana juu ya mtu aliyekuwa chini yake.

Mfano wa "bozal" nao unao mwenziwe mwambaoni. Katika karne ya 19 mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa "mjinga", akitofautishwa na "mzalia", aliyezaliwa pwani na kuijua lugha na desturi zake. Leo watumwa wa namna hizo hawako, lakini "mjinga" limebaki kuwa tusi la akili. Kireno kimefanya vivyo hivyo: "boçal", lililokuwa jina la Mwafrika mgeni nchini Brazili, leo ni mtu asiye na elimu wala adabu. Wala watu wenyewe hawakuwa mbalimbali sana. Miongoni mwa watumwa waliofikishwa Kuba walikuwamo Wamakua wa Msumbiji, walioitwa huko "macuá". Aliyeuzwa kaskazini aliitwa mjinga, na nduguye aliyevushwa bahari ya magharibi aliitwa "bozal".

7. Matumizi ya leo

Mwanafunzi wa Kihispania cha leo atalikuta neno hili katika mazingira matatu makubwa. Katika lugha ya kawaida ni kivumishi chenye maana ya mjanja. Lakini tafsiri zihitaji kupimwa: "mjanja" wa Kiswahili aweza kusifiwa, na "laghai" hasifiwi kamwe, "ladino" limo katikati, likiegemea upande wa lawama. "Mwenye hila" huenda ndiyo karibu zaidi. Mazingira ya pili ni Guatemala na jimbo la Chiapas la Meksiko, ambako "ladino" ni jina la watu: ni yule asiyehesabiwa kuwa mwenyeji wa asili, azungumzaye Kihispania na kufuata maisha ya Kihispania. Huko haliwezi kutafsiriwa kwa neno "mjanja" bila kutukana jamii nzima, wala Mmaya alitamkapo halina rangi ileile liliyo nayo likitamkwa na "ladino" mwenyewe. Mazingira ya tatu ni lugha ya Wayahudi tuliyokwisha kuitaja, ambamo neno ni jina tu, lisilo na sifa wala kashifa.

8. Hitimisho

Tumeona kivumishi kimoja kikitoka katika lugha, kikaingia katika akili, kikafika katika sheria, na kutoka hapo kikawa kabila. Mtunga kamusi anayeandika "ladino: mjanja" hakusema uongo, ameacha tu kusema kweli iliyo muhimu. Twapendekeza, basi, kwamba kivumishi cha kuwapima watu, kiwe cha lugha ngeni au cha lugha zetu, kisiingizwe katika kamusi wala kufundishwa darasani pasipo kuulizwa maswali manne: nani husema, humsema nani, kinyume chake ni nini, na maana hiyo ni ya wakati gani na mahali gani.

Kamusi zetu za Kiswahili zina deni katika jambo hili. "Mjinga", "mshenzi", "mstaarabu", "mwungwana" na "mzalia" ni maneno yenye historia, na mwanafunzi anayepewa visawe vyake vya leo tu amenyimwa nusu ya lugha yake. Wale wafungwa wa Connecticut nusura warudishwe utumwani kwa neno lisilokuwa lao, na aliyelitafsiri kwa "wazima" hakuonekana kuwa na kosa kubwa la sarufi. Kosa lake lilikuwa kuliondoa swali.